Lubumbashi: Kurasa sita za stesheni ya Likasi

Lubumbashi, komini ya Kenya. Karibu na soko kuna meza ya fotokopi. Kati ya mashine na kisanduku cha kuuzia uniti za simu limewekwa rundo la karatasi ambalo wateja huambiwa wasiliguse. Upande mmoja wa karatasi hizo ni nakala zilizoharibika: vyeti vya kuzaliwa vilivyotoka vyeusi, bulletini za shule zilizokatwa kichwa, barua za kuomba kazi. Upande wa pili ni michoro. Dada wa miaka 23 anayeshinda hapo alijifunza kutengeneza bede kwenye migongo ya karatasi hizo, kwa sababu karatasi mpya ni za patroni na kila jioni zinahesabiwa.

Ameomba jina lake lisiandikwe. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mama yake, na sababu itaonekana mbele.

Kuchora alijua tangu shule ya msingi. Wenzake walimlipa beinye ili awachoree ramani ya Congo kwenye kaye zao. Lakini kuchora ni jambo moja, na bede ni jambo lingine. Hilo alilijua siku alipopeleka kazi yake ya kwanza kwa mzee jirani, fundi wa kuchora kuta za maduka na saluni. Kilikuwa kipande cha visanduku vitatu: mama wa soko, mteja, na bei ya unga. Mzee alivaa miwani, akasoma, akarudia.

"Huyu mama anajibia nini? Hakuna mutu mwenye kumuuliza."

"Papa, anza na huyu wa kuume. Ni yeye njo anauliza."

"Mi nasoma kutoka kushoto, mutoto. Kama anauliza wa kwanza, umuweke wa kwanza."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na ni somo ambalo wengi wanalikosa hata wakiwa na mkono mzuri. Jicho la msomaji linaingia kwenye kisanduku kutoka juu kushoto na kutoka chini kuume. Anayeanza kusema asimame kushoto. Kama hadithi inamlazimu asimame kuume, basi kiputo cha maneno yake kipandishwe juu kabisa ili jicho likione kwanza. Na maneno yaandikwe kabla ya watu kuchorwa. Dada alikuwa anafanya kinyume: anachora watu wazuri, wamejaa kisanduku kizima, halafu anatafuta nafasi ya maneno na kuyabana kwenye kona mpaka hayasomeki. Siku hizi anaandika maneno kwanza kwa kreyo, anazungushia kiputo, na watu wanapewa nafasi inayobaki. "Batu banaweza kujikunja," anasema. "Maneno hayajikunje."

Mzee hakuwahi kutengeneza bede. Wakati wa Zaire alikuwa akichora turubai za kutundikwa sebuleni, zile ambazo nyumba nyingi za Lubumbashi zilikuwa nazo: mamba muntu mwenye nywele ndefu, na mfungwa anayechapwa fimbo mbele ya Mbelgiji. Kutoka kwake dada alisikia kwa mara ya kwanza jina la Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji ambaye miaka ya 1973 na 1974, hapa hapa mjini, alichora historia yote ya nchi katika turubai karibu mia moja, akazieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Kitabu chenye picha hizo kilitoka mwaka 1996, mbali sana na Lubumbashi. Tshibumba mwenyewe alikuwa ametoweka tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Picha zake zina maandishi ndani yake, na zinafuatana. Ukizipanga kwenye meza, ni nini kama si bede kubwa?

Watu wakisikia neno bede katika nchi yetu, wengi wanataja Tintin, ambaye alifika Congo kwenye gazeti la Ubelgiji mwaka 1930 bila mchoraji wake kukanyaga udongo huu. Inachosha kidogo. Kinshasa ilikuwa na gazeti lake, Jeunes pour Jeunes, tangu mwaka 1968. Mongo Sisse aliwachora Mata Mata na Pili Pili. Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, amechapishwa Ulaya kwa miaka mingi, na mwaka 2014 alitoa kitabu Madame Livingstone kuhusu vita ya kwanza ya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Lakini aliyemgusa dada zaidi ni Papa Mfumu'eto wa Kinshasa, ambaye kuanzia mwaka 1990 alitengeneza vijitabu vya bei ndogo kwa Kilingala na kuviuza mitaani, vikasomwa na watu ambao hawaingii duka la vitabu. Alijichapishia mwenyewe. Na dada wa komini ya Kenya anakaa mchana kutwa mbele ya mashine ya kuchapisha!

Akaanza hivyo. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mara moja tu katikati inakuwa kijitabu cha kurasa nane, bila uzi wala pini. Mashine inapita upande mmoja peke yake. Patroni alikubali amlipe kila nakala bei ya mteja, franka 200, na yeye akauza kijitabu franka 500 mbele ya shule na kwenye kituo cha taksi. Hadithi ilikuwa ileile ya mama wa soko, sasa na mwanawe mvivu anayejifanya mfanyabiashara wa kobalti. Kijitabu cha kwanza kiliuzika 11. Cha tatu kiliuzika 60, kwa sababu madereva wa taksi walijiona ndani yake na wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyechorwa.

Mashine ndiyo iliyokuwa mwalimu mkali kuliko mzee. Dada alikuwa akipaka kivuli kwa kreyo, kijivu laini, kizuri kwenye karatasi. Kikipita kwenye mashine kinatoka madoa. Mashine ile haijui kijivu. Inajua nyeusi na nyeupe. Basi akajifunza kutengeneza kivuli kwa mistari, mistari iliyokaribiana kwa giza, iliyoachana kwa mwanga, na kuchora kwa wino wa China badala ya biki ya bluu, kwani bluu inafifia. Tena akagundua kitufe cha asilimia 71. Kila mwenye kufanya fotokopi anakijua: kinageuza A3 kuwa A4. Wachoraji huchora kubwa halafu wanapunguza, na kosa dogo la mkono linajificha. Ila mstari mwembamba sana nao unapotea, na herufi ndogo zinakuwa mchanga. Kwa hiyo herufi anaziandika kubwa mpaka anaona aibu, na zikishuka zinakuwa sawa.

Gazeti moja la hapa mjini lilimwomba vipande vitatu. Alivipeleka vya asili, si nakala, na hilo lilikuwa kosa lake. Vilitoka wiki tatu mfululizo, bila sahihi yake, ikiwa imekatwa na mkasi kwenye kona. Alipoenda kuomba malipo aliambiwa kwamba kuonekana gazetini ni malipo tosha kwa anayeanza. Alipoomba karatasi zake, hazikupatikana. Nchi ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na mtu wa gazeti anaijua kuliko msichana wa fotokopi. Tangu siku ile hakuna karatasi ya asili inayotoka nyumbani, na sahihi yake haiko tena kwenye kona. Anaiweka katikati ya mchoro, kwenye kibao cha duka au mlango wa taksi, mahali ambapo mkasi hauwezi kupita bila kuharibu picha.

Hadi hapo ilikuwa kazi ya kuchekesha. Mambo yalibadilika siku mama yake alipokuwa akichambua sombe uani na kuona, kwenye kijitabu cha nne, mchoro wa watu wengi wamepanda lori na mizigo. Ilikuwa hadithi ya harusi. Mama alikitazama muda mrefu, akakiweka chini.

"Batu hawabebe mizigo hivi. Wakati banafukuzwa, hawafunge vizuri hivi."

Dada alikuwa hajui kwamba mama yake aliwahi kufukuzwa mahali. Alijua tu kwamba nkambo alitoka Likasi, na kwamba Likasi haikuzungumzwa mezani.

Wasomaji wa umri fulani wanajua kilichotokea. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Shaba. Kuanzia Agosti 1992, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao Likasi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi wao walizaliwa Katanga; babu zao waliletwa kufanya kazi kwenye migodi ya Union Minière, na kwenye reli ambayo mwaka 1928 ilifika mpaka Ilebo. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na mashuleni, wakingoja treni za kwenda Kasai, wiki na wiki. Wengi walikufa, hasa watoto, wengine pale pale, wengine njiani. Mama alikuwa na miaka tisa. Nkambo hakupata nafasi kwenye treni, na baada ya majuma alipanda lori usiku pamoja na watoto wake, akaja Lubumbashi kwa binamu. Ndivyo familia ilivyobaki hapa.

Ilichukua jioni nyingi. Mama hakubali kusimulia akiwa amekaa bure. Lazima mikono ifanye kitu. Dada alisikiliza huku naye akichora vijisanduku vidogo kama stempu ya posta, ukurasa mzima ndani ya kiganja, bila sura wala mapambo, ili aone tu nini kinafuata nini. Hapo alijifunza jambo ambalo vichekesho havikuwa vimemfundisha: kwamba kisanduku kimoja kinabeba dakika moja tu. Yeye alitaka kuchora "tulingoja wiki tano". Huwezi kuchora wiki tano. Unachora ndoo ya maji imejaa, halafu ndoo ileile tupu, halafu imejaa tena, na mtoto amelala mahali palepale, na msomaji mwenyewe anahesabu katika nafasi nyeupe iliyo kati ya visanduku.

Mama alitoa masharti mawili. La kwanza: "Sura yangu, hapana kuichora." Anauza unga sokoni kati ya watu wa kila asili, na baadhi ya wateja wake, au baba zao, huenda walikuwa upande mwingine mwaka ule. Hataki mtu aje kumuuliza. Basi mtoto wa hadithi anaonekana kwa mgongo mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kwamba katika umati msomaji lazima amtambue mhusika wake mara moja, na bila sura inakuwa vigumu. Dada alimpa mtoto misuko mitatu iliyosimama, ile ya kusuka kwa uzi, na hakumpa mtu mwingine yeyote kwenye stesheni misuko hiyo. Jicho linaitafuta lenyewe. Kurasa nzima za usiku zimepakwa nyeusi kwa wino, moto wa kupikia umeachwa mweupe, na misuko mitatu inaonekana mbele ya moto.

Sharti la pili lilikuwa neno. Wakati ule waliofukuzwa waliitwa bilulu, wadudu. Mama alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, akaendelea na sombe yake. Dada alitaka kuliandika kwenye kiputo, kubwa, kwa herufi nene, kwa sababu ndilo lililotamkwa. Mama alikataa. Watoto wa kaka zake wanasoma sasa. Hataki walijifunze kutoka kwenye mkono wa nyumbani. Mzee wa kuta za maduka aliulizwa, naye akasema liandikwe, kwani Tshibumba angeliandika. Waligombana juu ya neno hilo wiki mbili, binti na mama, wakati mwingine bila kusema kitu, kwa namna ya kuweka sahani mezani.

Mwishowe dada alichora kiputo kikubwa kinachotoka kwenye midomo ya watu wanaopita nje ya fensi, na ndani ya kiputo hakuna herufi hata moja. Kuna wadudu, kama arobaini, wamechorwa kimoja kimoja, wenye miguu na papasi. Mtu mzima wa Katanga anaelewa. Mtoto ataona wadudu, na siku moja atauliza. Mama aliangalia, akasema tu kwamba wadudu ni wengi mno. Dada aliwapunguza.

Kikundi kimoja cha wachoraji wa mjini kilikuwa kinaandaa kitabu cha pamoja. Kazi ilipokelewa, na hapo yakaja masharti mengine, ya watu wengine. Kwanza lugha: wasomaji wa bede husoma Kifaransa, walisema, na Kiswahili cha Lubumbashi hakina maandishi yanayokubalika na wote. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kila mtu anakiandika anavyosikia. Lakini watu wa stesheni hawakulia kwa Kifaransa. Dada alikubali kutengeneza matoleo mawili, Kifaransa kwa kitabu na Kiswahili kwa kijitabu chake cha fotokopi, akagundua kwamba viputo havilingani. "Ils nous chassent" inakatika mistari mitatu na kukaa vizuri ndani ya kiputo chembamba. "Banatufukuza" ni neno moja, halikatiki, linataka kiputo kipana kama mkeka. Ilimbidi aandike upya herufi za kurasa zote kwenye karatasi nyepesi na kuzibandika juu. Kiputo cha wadudu peke yake hakikuhitaji tafsiri.

La pili lilikuwa hesabu. Kitabu kilichofungwa kwa pini katikati kina kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwani kila karatasi iliyokunjwa ni kurasa nne. Kilipangwa cha kurasa 32. Ukitoa jalada la ndani na utangulizi, wachoraji watano walipata sita kila mmoja. Hadithi ya dada ilikuwa na saba. Alipewa siku tatu aondoe ukurasa mmoja.

Aliondoa wa tano. Ulikuwa ukurasa uliotulia, bila kelele: mwanamke wa Likasi, mwenyeji, anakuja kwenye fensi ya stesheni usiku na bukari iliyofunikwa kwa kitambaa, anaipitisha chini ya waya, anaondoka. Visanduku sita, karibu bila neno. Kwa upande wa hadithi, kutoka ukurasa wa nne kwenda wa sita hakukuonekana pengo lolote. Msomaji asiyejua hawezi kujua kwamba kuna kitu kimetoka. Ndiyo maana aliuchagua.

Kitabu kilitoka. Hakukuwa na pesa. Kila mchoraji alipata nakala kumi, na safari hii dada alikuwa amesaini karatasi inayosema kwamba michoro inabaki yake. Jina lililoandikwa si lake la kwenye kitambulisho. Nakala ya kwanza aliipeleka nyumbani jioni, umeme ukiwa umekatika, na mama akaisoma kwa taa ya simu. Alisoma polepole, kidole kikifuata visanduku. Aligusa misuko. Alicheka mara moja, kwenye ndoo. Alipofika mwisho alirudi nyuma, akahesabu kurasa, akarudi tena.

"Na ule mama wa ku fensi?"

Dada alieleza kuhusu pini, kuhusu nne na thelathini na mbili, kuhusu kurasa sita kwa kila mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Njo unaacha bale ba kutufukuza, unatosha mwenye kutupatia chakula?"

Alimpa kitabu, akaenda kuangalia makala kama yanawaka. Baadaye, akiwa amempa binti yake mgongo, alisema kwamba mama yule alikuja siku nne. Si moja. Siku ya nne alikuja na mtoto wake, msichana wa umri wao, naye ndiye aliyepitisha sahani.

Toleo la Kiswahili halina pini na halina mhariri. Kijitabu cha karatasi moja kina kurasa nane: moja ya jalada, saba za hadithi. Wiki iliyopita, kwenye meza ya fotokopi, kati ya mteja wa cheti cha kuzaliwa na mteja wa uniti, ukurasa wa tano ulikuwa unachorwa upya kutoka mwanzo, kwani ule wa zamani una mkono mmoja tu kwenye fensi na sasa inatakiwa mikono miwili, mmoja mdogo. Dada alikuwa ameshaandika maneno kwa kreyo. Yalikuwa mawili, "Shika, yaya", na alikuwa bado hajaamua ni mtoto gani kati ya wale wawili anayeyasema.